Valvu Sita Zisizo na Namba

Siku hizi mpwa wake anabisha mlango kwa mazoea tu, kisha anafungua mwenyewe na kuingia. Zamani hakuwahi kumaliza ngazi. Akiwa bado kwenye kipandio cha kumi au cha kumi na moja, mfuko wa mboga mkononi, sauti ilimfikia kutoka ndani: "Kiatu chako cha kulia kimelegea kisigino," au, "Leo umepanda na mtu. Nani huyo?" Jengo zima lilijua kwamba kwa yule mama wa ghorofa ya kwanza hakuna anayepita kwa siri. Sasa watu wanapita. Watoto wanaburuta baiskeli koridoni, mtu anagombana na simu yake dirishani, na ndani hakuna anayesema neno. Mpwa hajauzoea ukimya huo. Anautua mfuko mezani taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa, ingawa anajua fika kwamba angeweza kuubwaga na isiwe kitu.

Yule mama ni shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake. Alimchukua mpwa huyo akiwa na miaka tisa, baba yake alipohamishwa kikazi, akamlea mpaka akawa mtu mzima mwenye kazi yake katika maabara ya hospitali, kupima damu na kuosha vioo. Shangazi mwenyewe alikuwa fundi wa mitambo ya simu kwa miaka thelathini na mmoja. Alifanya kazi hiyo kwa sikio moja. La kulia lilikufa kwa homa akiwa na miaka sita, na alipoulizwa habari zake alisema Mungu alimpa mawili kisha akabadili mawazo.

Hilo moja lililobaki lilitosha watu wawili. Katika chumba cha kupimia laini alikaa juu ya stuli ndefu, kisikizi kimebanwa sikio la kushoto, macho yamefumbwa, na kutoka pale aliweza kukuambia waya umekatikia wapi. Laini iliyoingia maji, alisema, inasikika kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili. Laini iliyolegea inacheza kama jino la mtoto. Wahandisi walikuja na vyombo vyao vya kupimia, wakapima, wakaandika, kisha wakamwendea kimyakimya kumuuliza kama ndivyo. Walimpa jina la Sikio. Mume wake, ambaye waliishi pamoja miaka tisa, alilalamika kwamba ameoa mwanamke asiyeweza kudanganywa hata kuhusu saa ya kurudi nyumbani. Alihamia mji mwingine, barua zake zikapungua kidogo kidogo, na Shangazi hakuzifuatilia.

Mitambo ya zamani ilipong'olewa na kuletwa mipya isiyohitaji sikio la mtu, vyuma vilipakiwa kwenye malori kwenda kuyeyushwa. Shangazi aliomba sanduku moja tu. Ndani yake mlikuwa na valvu, zile chupa za kioo zenye vibati na nyaya ndani, zinazowaka mwanga hafifu wa rangi ya chungwa na kuikuza sauti ndogo iwe kubwa. Kwa valvu hizo alijijengea amplifaya. Ilimchukua mwaka na zaidi. Transfoma yake, lile pande zito la chuma linaloipokea nguvu ya valvu na kuikabidhi spika, aliisuka mwenyewe kwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko elfu mbili na ushei, akiihesabu kwa sauti. Mpwa alikuwa na miaka kumi na mitatu wakati huo. Alijifunza kupita nyuma ya kiti bila kupumua, kwa kuwa swali moja la "Shangazi, tunapika nini?" liliwahi kuirudisha hesabu kwenye moja.

Spika aliweka moja. Sikio moja, spika moja, alisema. Ya pili ningemwekea nani, mgeni?

Kwa hiyo daktari alipowaeleza kuhusu uvimbe, mpwa hakumtazama daktari. Alimtazama shangazi yake. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu kizunguzungu kianze, tangu Shangazi aanze kushika kuta akitembea na kulalamika kwamba kuna nyuki sikioni. Daktari alikuwa kijana, akiongea huku ameinamia makaratasi yake. Uvimbe umekaa juu ya mshipa wa usikivu, nyuma ya sikio la kushoto. Ukiachwa utasukuma ubongo. Lazima utolewe, na ukitolewa mshipa unakwenda nao. Jumatatu ya wiki inayofuata kuna nafasi.

Shangazi alimwomba arudie. Daktari akarudia kwa sauti kubwa, neno kwa neno, kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Nilikusikia mara ya kwanza," Shangazi akasema. "Nilitaka tu nikusikie ukilisema ukiwa umeinua kichwa."

Hakulia. Njiani kurudi nyumbani alisema anataka kitu kimoja kabla ya Jumatatu, na kitu chenyewe kilikuwa kidogo kiasi kwamba mpwa alidhani hajaelewa. Kulikuwa na santuri moja, ya zamani, mwanamke anaimba na gitaa mbili nyuma yake. Kabla ya ubeti wa pili yule mwimbaji anavuta pumzi. Si pumzi ya wimbo. Ni ya mtu aliyechoka kidogo, labda alipanda ngazi kufika studio, na fundi wa studio aliiacha ndani. Shangazi aliigundua miaka mingi iliyopita na alikuwa akiisubiri kila mara kama mtu anayesubiri jirani apungie mkono. Lakini valvu mbili kubwa za amplifaya yake zilikuwa zimechoka. Sauti ilikuwa imejaa mvumo, na ile pumzi haikusikika tena tangu mwaka juzi. Katika sanduku, alisema, ziko mbili nzima, alizoziweka akiba kwa siku ya maana. Siku yenyewe ndiyo hiyo. Jumamosi mchana ataziweka, atasikiliza upande mmoja wa santuri, basi.

Ijumaa Shangazi alikwenda hospitali kutolewa damu, akisindikizwa na msusi wa chini, mwenye saluni. Mpwa alikuwa na mapumziko. Alibaki nyumbani akatafuta cha kumfanyia mtu ambaye hakuna unachoweza kumfanyia. Alifagia, akapiga deki, akabadilisha mashuka. Kisha akalivuta lile sanduku kutoka chini ya kitanda na kulifungua.

Vumbi la zaidi ya miaka ishirini lilikuwa limeganda juu ya vioo, vumbi lenye mafuta, la kahawia. Moyo ulimchoma. Katika maabara kioo kichafu kinasema uongo. Hilo ndilo jambo la kwanza unalofundishwa na ndilo la mwisho unalosahau. Alileta pamba na chupa ya spiriti, akaketi sakafuni karibu na dirisha, akazifuta valvu zote moja moja, kubwa kwa ndogo, kumi na tisa. Alizungusha pamba shingoni, akashuka tumboni, akainua kila moja kwenye mwanga kama anavyoinua vioo vyake vya kazini. Pamba ilitoka na weusi, ikatoka na weupe. Kuhusu ule weupe alifikiri ni chokaa ya ukutani. Alipomaliza alizipanga kwenye kitambaa safi, na ziling'aa mpaka akatabasamu peke yake.

Shangazi aliporudi alikaa kwanza kitandani kungoja chumba kiache kuzunguka. Kisha akaona kitambaa. Aliinuka, akashika ukingo wa meza, akaichukua valvu moja kubwa na kuigeuza. Akaichukua ya pili. Mpwa alisimama mlangoni akisubiri kusifiwa, na alianza kuogopa pale Shangazi alipofika ya nne bila kusema kitu.

"Umeziosha," Shangazi akasema.

"Nimezifuta tu. Kwa spiriti. Zilikuwa chafu sana, Shangazi."

"Zilikuwa na namba."

Namba zilikuwa zimeandikwa juu ya kioo kwa rangi nyeupe, nyepesi kuliko poda. Kwa fundi yeyote wa zama zile ilikuwa mwiko kuzigusa kwa kidole chenye jasho, sembuse pamba yenye spiriti. Bila namba, valvu kubwa sita zilizokuwa mle sandukuni zilifanana kama mapacha. Mbili zilikuwa zile za akiba, namba inayoishia na sita. Nne zilitoka kwenye mtambo mwingine, namba inayoishia na nane. Pini zake zinaingia soketi ileile bila kulazimishwa, lakini ndani ya amplifaya hii haziwezi kujizuia. Zinafyonza umeme bila kikomo. Bati la ndani linaanza kuwa jekundu kama kaa la moto, na umeme wote huo unapita kwenye transfoma. Dakika chache tu, Shangazi alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ukutani, na ule waya wa unywele unaungua. Fyuzi haitajua. Na transfoma ile ikiungua imekwenda. Mikono hii haiwezi tena kusuka hata mkeka.

Aliinyoosha mikono. Ilitetemeka, ya kushoto zaidi ya kulia.

Mpwa alijisikia kama amemwagiwa maji. Aliomba radhi mara tatu, na mara ya nne Shangazi akamkatiza, akamwambia aketi, kwamba anaposimama namna ile anapumua vibaya na inamsumbua. Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Jioni ile walikula bila kuzungumza, na mpwa alisikia kila kijiko kikigusa sahani, na akawaza kwamba Shangazi naye anavisikia, na kwamba vijiko hivyo vina siku mbili tu.

Asubuhi ya Jumamosi, akipiga mswaki mbele ya kioo, mpwa alikikumbuka kitu cha kazini. Vioo vya sampuli vinavyotoka kwenye friji vinashika ukungu, na mara nyingine juu ya ukungu huo husomeka maandishi ya kalamu yaliyofutwa wiki iliyopita. Kioo kinakumbuka palipokuwa na wino. Alirudi chumbani mdomo umejaa povu, akasema maneno ambayo Shangazi alimwomba ayarudie baada ya kutema.

Friji yao ilikuwa haigandishi. Walibaki na ile ya saluni, na mpwa akashuka na valvu sita zimefungwa kwenye taulo kama kichanga. Msusi alikuwa akimsuka mteja. Alipoambiwa ni nini alifungua friji mwenyewe, akasogeza chupa za juisi.

"Mwenzangu, watu wanagandisha nyama, wewe unagandisha redio."

"Nusu saa tu, dada."

"Weka hata mwaka. Ila mteja akiniuliza nitasema ni mayai ya shangazi yako." Kisha akaiacha nywele mkononi, akashusha sauti, akauliza kama Jumatatu bado ni Jumatatu. Mpwa akasema bado. Msusi akarudia kusuka.

Nusu saa ilipotimia walifanyia kazi hiyo juu, mezani, dirisha limefungwa ili upepo usiukaushe ukungu. Mpwa aliishika valvu ya kwanza kwa ncha za vidole, akaisogeza mdomoni, akaipumulia polepole kama mtu anayepasha vidole. Kioo kikapauka. Katikati ya mpauko ule, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, palitokea mikwaruzo ya maandishi, myeupe juu ya weupe zaidi, kisha ikatoweka.

"Nane," mpwa akasema.

"Una uhakika?"

"Nane."

Shangazi aliiweka kando na kuifunga uzi shingoni. Ya pili ilikuwa nane. Ya tatu ilisoma sita, wazi kabisa, hata herufi za mbele yake zilionekana. Ya nne ilikuwa nane. Ya tano ilishika ukungu mtupu. Aliirudia. Aliishusha tena kwenye friji ya saluni, akaipandisha, akaipumulia kutoka kila upande mpaka kichwa kikawa chepesi, na kioo kilibaki kama uso wa mtu aliyekataa kutoa ushahidi. Ya sita vilevile. Mbili hizo alikuwa amezifuta vizuri kupita zote. Alikumbuka hata kwa nini: zilikuwa za mwisho, na alikuwa amebadilisha pamba.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi na mbaya. Moja ilikuwa imepatikana. Mwenzake alikuwa mmoja kati ya wale wawili wasiosema, na wa pili angeichoma mashine.

Mpwa alisema waache. Alisema zile valvu chovu zilizomo zinatosha, kwamba wimbo utasikika, kwamba kitu cha kukosa ni pumzi tu. Mara neno hilo la mwisho lilipomtoka alitamani kulirudisha.

Shangazi alizichukua zile mbili, moja kila mkono, akaegemeza viwiko mezani ili mikono isimtoroke. Alitazama bati la ndani: la kijivu hili, la kijivu na hili. Alitazama doa la fedha juu ya kioo, akatazama vijiwaya vilivyoshikilia bati. Akaomba penseli. Akaisogeza valvu ya kwanza kwenye sikio la kushoto na kuigonga kwa penseli, mara moja, kwa upole wa daktari wa watoto. Akangoja. Akagonga ya pili. Akarudia ya kwanza. Mpwa aliushika ukingo wa kiti, akijua kwamba anatazama kazi ya miaka thelathini na mmoja ikifanywa mara ya mwisho, na kwamba nyuki walikuwa mle mle sikioni, katikati ya fundi na kazi yake.

"Hii," Shangazi akasema mwishowe, akainyoosha ya mkono wa kulia.

"Umesikia tofauti?"

"Nimesikia kitu. Miaka mitano iliyopita ningekuapia. Leo nakupa tu."

Mpwa ndiye aliyeziweka. Shangazi alimwelekeza: chomoa plagi kwanza, ngoja, usiguse chini, shika kwenye mguu wa plastiki na si kwenye kioo, zungusha mpaka jino la katikati likae kwenye tundu lake, sasa sukuma, usiogope, haiumi. Valvu ndogo za mbele zilibaki zilezile. Kubwa mbili zilisimama sambamba nyuma, safi, zikimeta.

Kisha wakapeana kazi. Shangazi atakaa kwenye kiti cha mbele ya spika, kaipa mashine kisogo, sikio limeelekezwa kunakotoka sauti, macho amefumba. Mpwa atapiga magoti nyuma ya mashine, macho kwenye mabati, mkono kwenye plagi. Akiona wekundu juu ya bati, hata kama wa chembe, achomoe papo hapo. Asiulize. Asingoje mstari uishe.

"Niahidi," Shangazi akasema.

Mpwa akaahidi.

"Mashine ni ya kubaki. Mimi ndiye ninayeondoka humo. Umenielewa?"

Mpwa akasema ameelewa.

Mpwa akawasha. Kwanza hakuna kitu, halafu mwanga wa chungwa ukaota chini ya kila valvu, ukapanda kidogo kidogo. Walingoja dakika nzima. Mabati yalibaki ya kijivu. Spika ilikuwa kimya, na Shangazi akainua kidole kimoja bila kugeuka, kuonyesha kwamba hata ule ukimya ulikuwa umebadilika. Mvumo wa miaka miwili haukuwamo. Mpwa alinyoosha mkono wa kushoto, akaishusha sindano juu ya santuri jinsi alivyofundishwa akiwa mtoto, akaurudisha mkono wa kulia kwenye plagi.

Gitaa ziliingia. Hata yeye, ambaye masikio yake ni ya kawaida, alishtuka. Zilikuwa mbili kweli, moja ikikwepa nyingine, kila uzi ukiwa na kucha ya mtu nyuma yake. Yule mwanamke akaanza kuimba, na alikuwa mle chumbani, amesimama kati ya kabati na dirisha, mwembamba kidogo kuliko mpwa alivyomfikiria siku zote. Mabega ya Shangazi yalishuka. Mpwa aliyaona yakishuka na akajilazimisha kurudisha macho kwenye mabati.

Ubeti wa kwanza ulipita. Kijivu. Kiitikio kikaanza. Kijivu. Alianza kuamini.

Katikati ya kiitikio, kwenye kona ya chini ya bati la valvu ya kulia, palitokea doa. Alidhani ni mwanga wa waya wa ndani. Alisogeza uso mpaka joto likamchoma shavu. Doa lilikuwa na rangi ya damu iliyokauka, upana wa kucha ya kidole kidogo, na lilikuwa likikua.

Mkono wake ulikuwa umeikamata plagi. Kiitikio kilikuwa na mistari miwili mbele yake, halafu gitaa peke yake kwa muda mfupi, halafu ile pumzi. Sekunde ishirini, labda ishirini na tano. Alihesabu bila kutaka. Doa lilifika katikati ya bati na kugeuka jekundu la kweli. Aliwaza vidole vya shangazi yake vikisuka waya na sauti ikihesabu, mia nane na tatu, mia nane na nne. Aliwaza ahadi, ambayo haikuwa na umri hata wa nusu saa. Vidole vilikaza. Havikuvuta.

Kiitikio kiliisha. Gitaa ilitembea peke yake. Kisha, mbele kidogo ya spika, mtu alivuta pumzi.

Ilikuwa fupi, na ilikuwa na kitu kama mchubuko mwishoni mwake, kama mtu anayetaka kusema kitu kingine kisha anaamua kuimba. Kichwa cha Shangazi kilisogea kidogo upande wa kushoto, basi. Ubeti wa pili ukaendelea, na kwa kuwa wakati wa kuiokoa mashine ulikuwa umeshapita, mpwa hakuivuta plagi. Bati lote lilikuwa limewaka. Sauti ilianza kutanuka, nene, ikakwaruza, harufu ya vanishi inayoyeyuka ikajaa chumba, na katika mstari wa mwisho wa wimbo spika ililia mara moja na kunyamaza. Santuri iliendelea kuzunguka. Sindano ilisikika ikiimba peke yake, nyembamba kama mbu.

Ndipo akaichomoa plagi.

Shangazi alikaa vilevile, mgongo kwake.

"Iliwaka lini?"

"Kwenye kiitikio. Kabla ya pumzi."

"Na mkono wako ulikuwa wapi?"

"Kwenye plagi, Shangazi."

Mpwa alisubiri chochote kitakachokuja. Aliona mgongo ule ukitikisika na akadhani ni kilio, akainuka, akazunguka kiti. Shangazi alikuwa anacheka, bila sauti, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Mimi niliisikia tangu ubeti wa kwanza," alisema. "Ilianza kuguna mapema, chini kabisa, kabla hujaona kitu. Nilijua nimekupa isiyo yake. Ningeweza kuinua mkono."

"Mbona hukuinua?"

"Mbona wewe hukuvuta?"

Msusi alipiga kelele kutoka chini kuuliza nini kinaungua huko juu, na mpwa akafungua dirisha, akamwambia ni mayai. Shangazi aliomba aelezwe kilichosemwa. Moshi na nyuki vilikuwa vimemzidi. Mpwa akainama karibu na sikio la kushoto na kumwambia, na akabaki ameinama hapo, akimweleza mambo mengine yasiyo na umuhimu wowote, bei ya mchele, ugomvi wa wauguzi, kisigino cha kiatu, mpaka jua likahama dirishani.

Upasuaji ulifanyika Jumatatu, ukachukua saa saba. Uvimbe ulitoka wote.

Shangazi sasa ana miaka sitini na minane. Anaishi mahali palepale, ghorofa ya kwanza juu ya saluni, na kila Jumanne na Alhamisi asubuhi yuko kwenye darasa la lugha ya alama katika ukumbi wa nyuma wa maktaba, safu ya mbele, daraja la kwanza.